Filimbi ya Jakutinga

Wiki tatu baada ya Antenor kuzikwa, watu wa ndege, wale wanaorudisha msituni ndege waliotoweka, walileta masanduku yao kama walivyokubaliana naye. Nelci aliwafungulia lango, akawaonyesha njia ya kupandia shambani, akarudi jikoni kuchambua maharage. Hakuwachukia wala hakuwafurahia. Tangu alipomkuta mumewe amelala chini ya migomba, panga bado mkononi, mwili wake wote ulikuwa umeingia ganzi. Watu wa bondeni, ambao hawakosi la kusema, walishaanza kunong'ona: mjane gani huyu, hata msibani hakutoa chozi.

Shamba lile lilikuwa kazi ya Antenor ya miaka ishirini. Ujanani alikuwa mharibifu kama wenzake. Alikata mijusara, ile michikichi myembamba, ili auze kiini laini cha kileleni, ambacho huliwa, na jakutinga waliokuja kula matunda yake aliwapiga risasi. Jakutinga ni ndege mkubwa kama jogoo, mweusi mwenye mabaka meupe mabawani, na ujinga wake hauna mfano: ukimwita kwa filimbi anakuja, ukimuua mwenzake anabaki kukutazama. Basi wakaisha. Baadaye Antenor akaona aibu. Akapanda mijusara upya katikati ya migomba na mibuni, akawa anavuna matunda tu, shina haligusi. Lakini pasipo ndege, mbegu huangukia palepale chini ya mama yake. Kwa hiyo alizibeba mwenyewe kwenye kofia hadi juu mlimani.

"Nafanya kazi ya jakutinga," alikuwa akimwambia Nelci, "ila yeye angekuwa ameshashiba."

Filimbi alibaki nayo. Baba yao alichonga mbili zinazofanana, moja ya Antenor na moja ya mdogo wake, Juvenal. Ya Antenor haikuwinda tena, iligeuka filimbi ya kahawa. Kila asubuhi akichoka huko juu alipuliza mlio wa jakutinga, mwembamba, wa kupanda, na Nelci aliyeko jikoni alijua maji yawekwe motoni. Hapakuwa na jakutinga bonde zima wa kumchanganya.

Sasa walikuwepo saba, waliotoka kwenye yale masanduku. Asubuhi moja ya Juni, yenye baridi, mlio ukaja kutoka shambani. Nelci aliweka maji, akachuja kahawa kwenye kitambaa, akamimina vikombe viwili, akatia vijiko vitatu vya sukari katika kile kikubwa, akatoka nacho hadi mlangoni. Hapo ndipo alipokumbuka.

Alisimama hadi kahawa ikapoa, akaimwaga. Hakuumia. Alikuwa kama mtu aliyeng'olewa jino, anajua pengo lipo na haliumi. Kisha, kwa sababu asiyoijua mwenyewe, alichukua filimbi kwenye msumari wake, akaujibu ule mlio.

Ndege akaja. Alitua kwenye mpera wa jikoni, mguuni ana pete ya njano, akainamisha kichwa kumtazama. Kitu kidogo kikamgusa Nelci kifuani, kidogo tu, lakini kilikuwa cha kwanza tangu msiba. Kesho yake akapuliza tena. Mwezi ulipokwisha walikuwa wanakuja watatu, na hakumwambia mtu.

Tainara, binti mmoja kati ya wale watu wa ndege, aliyezunguka milimani akiwafuatilia hao jakutinga, alipita siku moja kuomba maji.

"Mama, huyu wa pete ya njano mbona kila asubuhi yuko hapa kwako?"

"Labda kanipenda."

"Unamlisha?"

"Mimi mwenyewe najilazimisha kula, nitamlisha yeye?"

Tainara akacheka. "Wasizoee watu tu, mama. Miezi sita mizima tumewafundisha kutuogopa."

Nelci akajifanya anasuuza kikombe. Filimbi ilikuwa mfukoni mwa aproni.

Jumapili iliyofuata, Juvenal alikuja na sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa, maana huko kwao anayewinda hamsahau mjane wa kaka yake. Nelci akapakua nyama, akaichanganya na unga wa muhogo, akala bila kuuliza, kama alivyokula kila kitu miezi hiyo. Haikuwa na ladha. Hakuna kilichokuwa na ladha.

"Tamu, eh?" alisema Juvenal. "Tangu enzi za mzee sijaila. Na wala sikuhangaika, shemeji. Nilipuliza mara moja tu, akaja mbio utadhani nina miadi naye."

Nelci aliweka kijiko chini.

"Pete yake ya rangi gani?"

"Njano. Usiniangalie hivyo, ni ndege tu. Kaka naye aliwala wangapi?"

"Toka kwangu, Juvenal."

"Shemeji…"

"Chukua sufuria yako utoke."

Alipotoka, Nelci alitapika nyuma ya nyumba, kisha akapanda mlima kumtafuta Tainara. Akamwambia yote, na lake la filimbi hakulificha.

"Wapo wawili bado wanaokuja kwako," alisema Tainara. "Wakiendelea kuja kwa filimbi, hawamalizi msimu. Filimbi kama hizo ziko nyumba ngapi bondeni?"

"Karibu kila nyumba."

"Basi waiogope. Na mimi wakiniona hawatui, mama, tumewafundisha kutuogopa. Waliyemzoea ni wewe."

Asubuhi Nelci alisimama chini ya mpera na makokoto kwenye aproni. Akapuliza. Wale wawili wakatua, wakainamisha vichwa. Alirusha kokoto la kwanza, akakosa, nao kwa ujinga wao wakabaki kumtazama. La pili likampata mmoja bawani. Akawarushia yote, akipiga sufuria, akiwatukana matusi ambayo Antenor hakujua kama anayajua, mpaka wakaruka. Siku ya pili akawaita tena, akawapiga tena. Siku ya tatu alikuja mmoja, akatua mbali, na alipoona mkono umenyanyuka akaondoka.

Siku ya nne alipuliza, hakuja yeyote. Akangoja, akapuliza kwa nguvu zaidi, jinsi mumewe alivyokuwa akipuliza anapoona kahawa imechelewa. Migomba ilitikisika kwa upepo na hakuna aliyemjibu. Ndivyo ilivyotakiwa, na Nelci alilijua hilo, lakini aliendelea kupuliza mpaka pumzi ikamwishia. Kisha akakaa chini kwenye umande, akaita, "Antenor," akalia hadi majirani wakaja kuuliza nani amekufa.