Wamae Anajifunza Kuinuka

Wamae alianguka asubuhi akitoka kuoga, akabaki sakafuni mpaka jioni jirani yake Wachuka alipomletea maziwa. Hakuvunjika mfupa, hakuchubuka hata kidogo. Alishindwa tu kuinuka. Simu yake ilikuwa juu ya meza, akiisikia ikilia na kunyamaza, ikilia na kunyamaza. Aliyekuwa akipiga ni dada yake Watiri, kule Nyeri, akitaka kujua kama mvua imefika Kutus, alikoishi Wamae.

Tangu aelezwe habari hiyo, Watiri hakutulia. Alikuwa mjane, amestaafu kazi ya kupiga chapa katika ofisi za serikali, na Wamae ndiye kaka aliyemtangulia kuzaliwa. Kila alipoketi aliiona ile sakafu ya saruji. Alianza kuchambua mboga akaziacha, akaenda dirishani, akarudi, akasahau alichotaka. Katika mkutano wa akina mama wa kanisa alitoka nje kabla ya sala ya kufunga, akazungukazunguka uani mpaka wenzake wakaanza kuulizana ana shida gani.

Siku moja alifunga mlango wa chumba chake, akalala chali sakafuni, akajaribu kusimama bila kushika kitu. Alijaribu upande huu, akajaribu ule. Mwishowe akajikokota hadi kitandani na kuvuta blanketi ili ajiinue, nalo likamwangukia kichwani. Akabaki pale chini yake, akijua sasa kwamba si Wamae peke yake asiyeweza kuinuka.

Binti yake Lynn, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa na marafiki waliokuja nyumbani kila Jumapili mchana kucheza mchezo wa mezani. Mmoja wao, Griffins, alisimulia safari ya wapiganaji wanaovuka milima yenye mazimwi na wachawi. Wengine kila mmoja alikuwa na mpiganaji wake, akisema anataka afanye nini, kisha akirusha kete kuona kama ameweza. Jumapili hiyo mwenzao mmoja hakuja, wakamwomba Watiri ashike nafasi yake. Mpiganaji aliyepewa alikuwa mwanamke mzee mwenye mkuki. Watiri alikubali kwa sababu hata hivyo hakuwa na raha popote pengine.

Haukupita muda Griffins akamwambia kwamba zimwi limempiga yule mwanamke kwa mkia na kumlaza chini.

"Unafanya nini, Mama Lynn?"

"Nainuka."

"Unainuka namna gani? Nieleze vile unafanya."

Vijana wengine walidhani Griffins anamtania, lakini Watiri aliinamisha kichwa akafikiri kwa bidii kuliko walivyotarajia. Alisema kwamba mwanamke huyo hajiinui akiwa chali, kwa sababu hilo haliwezekani. Kwanza anageuka ubavu. Anajisukuma kwa kiwiko, kisha kwa mkono, anapiga magoti. Anausimika mkuki ardhini. Anatanguliza mguu ulio na nguvu, anaegemea mkuki, anasimama. Alirusha kete, ikamkubali, na vijana wakapiga makofi. Yeye akaomba ruhusa, akachukua fagio jikoni, akaingia chumbani. Mara ya kwanza goti liliteleza. Mara ya pili alisimama.

Kuanzia hapo alimuuliza Lynn maswali mengi kuhusu wapiganaji hao, wanabeba nini, wanapanda wapi, wanafanya nini kabla ya vita. Alichoambiwa alikifanya kwa vitu alivyokuwa navyo. Alipanda barabara ya mlimani akiwa na mkoba wa viazi mgongoni. Alisimama kwa mguu mmoja akisubiri maji yachemke. Alikaa kitini na kuinuka, akakaa tena, bila kutumia mikono. Goti likavimba. Mhudumu wa mazoezi ya viungo hospitalini akamwambia apumzike wiki moja, kisha apunguze mzigo lakini asiache, naye akaona wiki ile ya kupumzika kuwa ndefu kuliko kazi yote.

Hata mwili ulipoanza kumtii, fikira zilibaki Kutus. Akaenda.

Alimkuta Wamae kwenye kiti chake mbele ya televisheni, miguu imefunikwa shuka ingawa kulikuwa na joto. Alikuwa amepunguza hata chai ili asiende msalani mara nyingi. Watiri alipomweleza alichokuja kufanya, alikataa bila hasira. Alisema akikaa tu, hataanguka tena, na hilo linamtosha.

Watiri hakubishana. Alimsimulia habari za yule mwanamke wa mkuki. Wamae alisikiliza huku akitazama televisheni, kisha akaizima.

"Hiyo zimwi iko aje?" akauliza.

Watiri akabuni. Akasema ni jeusi, lina mkia kama gogo, linanuka kama tope la mpunga. Wamae akasema yeye angependa panga, mkuki humchosha mtu. Basi wakatandika godoro sakafuni, wakasogeza kiti karibu kiwe badala ya panga, na Watiri akamsaidia kulala.

Aligeuka ubavu vizuri. Alipofika magotini mikono ilimshinda, akarudi chini, akageuza uso ukutani. Watiri aliona mabega yake yakitikisika. Akashuka akaketi kando yake kwenye godoro.

"Siku ile nilisikia simu yako," Wamae alisema hatimaye. "Nilikuwa nakujibu."

Watiri alimshika mkono. Baadaye walijaribu tena, akimwongoza polepole: kiwiko, mkono, goti, kiti. Wamae alisimama akipumua kwa nguvu, akautazama mlango kana kwamba kuna mtu ameingia. Kisha akasema anataka kulala chini tena ili arudie.

Wakaendelea hivyo msimu mzima, Watiri akija Kutus alipoweza na akipiga simu siku nyingine. Wamae alimwambia kwamba anasimama na kukaa taarifa ya habari ikisomwa, kwamba amefika langoni, kwamba amefika kwa Wachuka.

Halafu siku moja Watiri alifika akakuta mlango wazi, kiti kitupu, simu mezani. Wachuka hakuwa amemwona. Watiri alizunguka nyumba, akachungulia bafuni, akatoka njiani akienda mbio kwa goti lile lile baya, akiangalia kila mtaro.

Alimwona karibu na mfereji wa maji, akija polepole na kabichi kwapani. Suruali yake ilikuwa na tope kuanzia magotini hadi kiunoni.

"Nilianguka pale kwa daraja," alisema. "Halafu nikainuka."

"Nani alikusaidia?"

"Hakukuwa na mtu."

Watiri alitaka kumgombeza kwa kuacha simu. Alitaka pia kumrudisha nyumbani na kufunga lango. Lakini mbio zilikuwa zimemchosha yeye mwenyewe, ikabidi ashike ua wa jirani mpaka pumzi irudi. Wamae alimngoja. Kisha akasema amesahau nyanya, na kwamba soko si mbali.

Wakageuka. Watiri alitembea nyuma yake kidogo, mkono umenyooka tayari kumdaka, akihesabu kila jiwe kuwa adui. Wamae alisimama, akamtazama.

"Kuja hapa kando yangu," akasema. "Ukikaa huko nyuma hatuwezi kuongea."

Watiri akasogea kando yake.