Uzito wa Mwanga Uliomezwa

“Karatasi inakunywaka maji, wifi. Dhahabu, hapana.”

Claudette aliyasema hayo bila kuinua macho, huku akipuliza vumbi kutoka katika kisahani cha mizani yake. Mbele ya meza alisimama Domitille, mke wa kaka yake, amevaa kitenge cha sikukuu na kukumbatia bahasha mbili kifuani. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Saa nne alitakiwa asimame katika ukumbi wa shule anakofundisha fizikia, mbele ya mkaguzi aliyeshuka kutoka Bukavu, atangaze ugunduzi wake.

“Rudia,” alisema.

“Nimesema karatasi inakunywaka maji. Mu masika inakuwa nzito. Bachimbaji banileteaka dhahabu ya Fizi imefungwa mu karatasi, na minye naondoa uzito ya karatasi. Mu kiangazi naondoa kidogo, mu masika naondoa zaidi. Kila mununuzi wa dhahabu anajua ile.”

“Na hukuniambia?”

“Uliniuliza?”

Nje, mtaa wote wa Mulongwe ulikuwa unavuja. Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa mfululizo, na tangu ziwa lilipopanda na kula nyumba za mstari wa mbele, hata kuta zilizo mbali na maji zilitoa jasho. Domitille aliitazama bahasha ya pili. Ilikuwa imelegea kama jani la muhogo lililochemshwa. Kwa nini hakuliona hilo jana? Kwa nini hakuliona kwa mwezi mzima?

Alichotaka kukitangaza kilihusu gesi: gesi nyembamba mno iliyotanda katika utupu, kati ya dunia na nyota moja ya samawati ambayo yeye hajawahi kuiona kwa macho. Nyota za namna ile zina joto kali, na sehemu kubwa ya mwanga wake ni urujuanimno, mwanga ambao hewa ya dunia huuzuia usifike chini. Ndiyo maana wataalamu walirusha darubini juu ya hewa. Darubini iliyoipima nyota ile ilizimwa zamani, lakini vipimo vyake viliachwa wazi kwa kila atakaye, navyo hupatikana hata katika chumba cha intaneti cha Mulongwe, siku ambayo umeme unapatikana. Kila kipimo ni mstari unaopanda na kushuka kama milima ya Bijombo. Na pale gesi ilipoumeza mwanga, mstari hutumbukia ghafla katika shimo jembamba. Eneo la shimo likiwa kubwa, gesi ni nyingi. Domitille alikuwa mpimaji wa mashimo.

Prefe Modeste, mkuu wa shule, alimcheka mwaka wa kwanza. “Madame, hapa Uvira hata courant ya umeme haiko, na weye unatafuta nyota?”

“Mwanga huu haufiki hata Ulaya, Bwana Prefe,” alimjibu. “Hewa inawafunika wao kama inavyotufunika sisi. Mbele yake sote ni vipofu sawasawa.”

Kompyuta yake ilikufa mwaka ambao ziwa liliingia nyumbani. Basi alirudi kwenye njia aliyofundishwa na masista wakati wa usichana wake: ukikosa chombo cha kupimia eneo, kata umbo hilo kwa mkasi, ulipime uzito. Alichapisha mistari katika sekretaria ya jirani, kibanda cha kuchapisha, kwenye karatasi za bunda moja, akayakata mashimo yake kwa mkasi wa cherehani, taratibu, akizuia pumzi kwenye kila kona, kisha akayapeleka kwa wifi yake, kwa kuwa mjini hapakuwa na mizani nyingine aliyoijua inayosoma hadi miligramu. Vipande thelathini vya miaka ya mwanzo ya darubini alivikata na kuvipima mwezi wa saba, katika kiangazi. Vipande thelathini vya nyota ileile, vya miaka kumi baadaye, alivikata na kuvipima mwezi wa tatu. Vile vya pili vilizidi kwa karibu sehemu nne katika mia. Nyota husafiri, na njia ya mwanga wake ilikuwa imeingia mahali penye gesi nzito zaidi. Mwanamke wa Uvira, mwenye mkasi wa cherehani, alikuwa ameliona hilo.

Ndivyo alivyoamini hadi asubuhi ile, alipopita tu kuomba mizani na kisanduku chake cha kioo cha kuzuia upepo ili akaoneshe ukumbini namna alivyofanya kazi.

Alifungua daftari. Kwenye ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu, palikuwa na kipimo cha mraba wa karatasi, sentimita kumi kwa kumi: miligramu mia nane. Kwa mraba ule aligeuza kila uzito kuwa eneo. Aliupima mara moja tu, mwezi wa saba, akauandika kama mtu anavyoandika amri ya Mungu. Mraba wenyewe ulikuwa bado umebanwa ndani ya jalada. Aliutoa, akauweka juu ya kisahani.

Namba zilikimbia, zikasita, zikasimama.

Mia nane ishirini na tisa.

“Ile wingu yako ya gesi,” Claudette alisema polepole, “ni mvua ya huku kwetu.”

Domitille alipiga meza kwa kofi hata kisahani cha mizani kikaruka. “Mwezi mzima unanitazama! Unaniona nakuja na vipande vyangu, unaona namba zinapanda, unakaa kimya kama jiwe la kusagia! Mimi ni adui yako?”

“Mwezi wa tatu, siku ya kwanza, nilifungua kinywa.” Sasa Claudette naye alisimama. Alikuwa mfupi, na sauti yake haikupanda. “Nilisema, wifi, hii karatasi. Haukuniacha nimalize. Ulisema: Claudette, weye upime tu, mambo ya kufikiri uniachie minye. Batu balikuwa hapa, bateja yangu, bakacheka. Njo maana nikakuachia. Ukafikiri, nikapima.”

Maneno yale Domitille alikuwa ameyasema kweli. Aliikumbuka hata raha aliyoipata alipoyasema. Alikusanya bahasha, daftari na mraba, akatoka bila kuaga.

Aliikataa pikipiki. Alitembea kwa miguu katika matope, akitembea kama mtu anayekwenda kupigana, na hasira yake ilikwenda mbele ikichagua nani wa kumpiga: Claudette aliyenyamaza, mvua isiyokoma, masista waliomfundisha njia ya mkasi waliyoitoa katika nchi yao kavu. Kila mmoja alimpiga kwa zamu. Alipofika kwenye lango la shule hakuwa amebaki na mtu mwingine isipokuwa yeye mwenyewe. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amefundisha. Mara moja alimfutia msichana mtihani mzima kwa sababu alibadili namba moja ya kipimajoto ili ilingane na kitabu. Msichana yule alilia, akarudia darasa. Domitille hakulia.

Juu ya lango palining'inia kitambaa kirefu chenye herufi za buluu: UVIRA YAGUNDUA ANGANI. Chini yake alisimama Prefe Modeste, suti nyeusi, uso unang'aa.

“Ah, Madame Domitille! Mkaguzi amefika, radio imefika. Tunakungojea weye tu.”

“Hakuna ugunduzi, Bwana Prefe. Nimekosea. Karatasi za masika zilikuwa na unyevu. Uzito uliozidi ni wa maji. Naomba mkutano uahirishwe.”

Uso wa Modeste haukuzimika mara moja. Ulizimika kipande kwa kipande. Akamvuta pembeni, karibu na pipa la maji.

“Nani mwingine anajua?”

“Wifi yangu.”

“Ule wa dhahabu? Hakusoma. Basi hakuna mutu anajua.” Alishusha sauti. “Sikia, mama. Mkaguzi ni mutu wa sheria, hajui nyota. Ba radio hawajui. Nani atakwenda kupima? Soma karatasi yako, bapige makofi, bende zao. Mwezi wa saba unapumzika kazi, unatoka na heshima. Unataka kutoka na aibu?”

“Mwaka wa kwanza ulinicheka.”

“Nilikosa. Leo nakusifu.”

“Uliponicheka nilikuwa nasema kweli,” alisema Domitille. “Leo unanisifu kwa uongo. Bora ungeendelea kucheka.” Akampita, kwa hasira ambayo sasa ilikuwa imepata mahali pake.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wanafunzi walibanana kwenye madawati, walimu mbele, na katikati yao mkaguzi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Domitille hakusubiri kutambulishwa. Alipanda jukwaani, akaweka bahasha mbili mezani, akauinua mraba wa karatasi ili wote wauone.

“Mwezi wa saba, karatasi hii ilikuwa na miligramu mia nane. Asubuhi ya leo ina mia nane ishirini na tisa. Haikuongezwa kitu isipokuwa hewa ya mji huu. Niliipima mara moja nikaiamini. Ndiyo sababu niliwaandikia kwamba gesi iliyo mbele ya nyota imeongezeka. Siwezi kusema hivyo. Nyota haikufanya lolote nililoliona. Mimi ndiye niliyekosa.”

Nyuma mtu akacheka, na kicheko kikapita dawati kwa dawati kama moto kwenye majani makavu. Mkaguzi alivua miwani.

“Kwa hiyo, Madame, mwezi wa tatu ulipima nini?”

“Mvua ya Uvira, Bwana Mkaguzi. Na aliyeijua tangu siku ya kwanza ni Claudette, mnunuzi wa dhahabu wa Mulongwe. Nilimkataza kufikiri. Liandikwe na hilo.”

Modeste alikwisha kuinyakua maikrofoni. Alicheka kwa nguvu kuliko wote, akasema kwamba Madame amechoka, kwamba miaka ni mingi, kwamba kwaya ya darasa la sita ilikuwa tayari. Domitille alichukua bahasha zake. Wanafunzi walimpisha, wengine wakiziba vinywa. Alitazama mbele tu.

Nje ya lango, mvua ilikuwa imekatika, na jua la saa tano lilikuwa linachoma barabara hadi ikatoa moshi. Claudette alisimama ng'ambo ya barabara, kibanda chake amekifunga siku ya biashara, mizani na kisanduku chake amevifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Sauti ya ukumbi ilikuwa imefika hadi barabarani kupitia vipaza sauti vya Modeste.

“Nimesikia jina yangu,” alisema.

“Ilikuwa haki yako.”

“Usifikiri nimekusamehe.”

“Sijakuomba. Na mimi bado nimekukasirikia.”

“Sawa.” Claudette alisogeza fundo la kitenge. “Sasa hizi karatasi unafanya nini nazo? Unatupa?”

Domitille alizitazama bahasha. Vipande sitini. Vya kiangazi na vya masika, vyote vimekaa katika kabati moja la nyumba yenye jasho. Kama vyote vingekaushwa pamoja, siku moja, chini ya jua moja, hadi mraba urudi kwenye mia nane yake, tofauti ambayo ingebaki isingekuwa ya mvua...

“Jua hili litadumu?”

“Mpaka saa tisa, labda. Bavuvi ba Kalundu bametandaza ndagala. Bale bajuaka.”

Walishuka hadi ufukweni. Pale Kalundu ndagala, dagaa wa ziwa, walikuwa wamemwagwa juu ya nyavu kuukuu, eneo refu la fedha linalonuka, na wanawake walipita katikati wakigeuza samaki kwa fagio. Délice, mwenye nyavu, aliwapa pembe moja ya nyavu. Domitille alipiga magoti katika kitenge chake cha sikukuu. Akavitandaza vipande kimoja kimoja, vya kiangazi kushoto, vya masika kulia, kila kimoja chini ya kokoto: maumbo membamba yenye ncha, kila moja likiwa na umbo la mwanga ambao haukufika.

“Muone!” Délice aliwaita wenzake. “Mama mwalimu iko anakausha ndagala ya karatasi!”

“Na itakuwa na ladha kuliko ya kwako,” Claudette alimjibu, na wanawake wakapasuka kwa kicheko. Domitille hakucheka. Lakini hakumkatiza.

Walingoja. Alivigeuza mara mbili, kama samaki. Saa nane Claudette aliipindua beseni ya Délice, akaisawazisha mchangani, akaweka mizani juu yake na kuifunika kwa kisanduku cha kioo. Mraba ulitangulia: mia nane na tatu. Wakaurudisha juani. Mia nane na moja. Wakaurudisha tena. Juu ya milima ya Mulenge mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika.

Mia nane.

“Sasa,” alisema Domitille. “Wewe unafikiri tuanze na kipi?”

Claudette alichukua kwa koleo ndogo kipande kimoja kutoka kushoto, akakipima, akamwonesha namba; Domitille akaiandika. Akachukua mwenzake kutoka kulia. Upepo wa ziwa ulikuwa umeamka. Claudette alikizungushia kisanduku viganja vyake viwili, na Domitille akaongeza vyake juu.

“Usipumue, wifi,” alinong'ona Claudette.

Chini ya mikono yao minne namba zilikuwa bado zinakimbia, zikipanda, zikishuka, zikipanda.