Dakika Mbili za Kupe na Mwalimu

Kazini walimwita Kupe, na hakuwahi kununa. Alikuwa hodari wa kudai kwa simu katika kampuni ya kukopesha friji, magodoro na televisheni, na akikung'ang'ania hakuachi mpaka ashibe. Wanaume wazima na ndevu zao walijificha chooni wakiiona namba yake inaita. Kwa sifa hizo, Jumatatu ile wakampandisha cheo: mkuu wa ufuatiliaji wa madeni, ofisi yenye mlango na kiti kinachozunguka.

Kabla ya saa nne asubuhi alikuwa anatetemeka juu ya kiti hichohicho, nacho kinazunguka chenyewe.

Chanzo ni msichana wa miwani, mmoja wa waajiriwa wapya wanane. Kila kundi jipya lilisikilizishwa rekodi moja: Kupe akimbana mwalimu wa chekechea aliyekopa friji. Dakika mbili tu. Nyuma ya sauti ya mwalimu kuna kitu kinalia ti, ti, ti, na kila kundi halikosi mchekeshaji wa kusema, "Hana hela lakini anapasha chakula!" Watu hoi. Mwisho mwalimu anasema, "Sawa, dada. Ijumaa." Makofi. Kundi hili lilikuwa lisikilize kesho yake saa tatu, ila msichana wa miwani alikuwa ameshasimuliwa.

"Samahani, bosi. Huyo mwalimu alilipa kweli?"

"Alilipa yote, mdogo wangu. Haikubaki hata senti."

"Yote? Si alikuwa hana hata ya mwezi mmoja?"

"Ndiyo maana naitwa Kupe," alijibu, akacheka. Kicheko kikakatika: kama hakuwa na hata ya mwezi mmoja, yote aliitoa wapi?

Akafunga mlango, akafungua faili. Deni: limefungwa. Mlipaji: bima.

Mtu mwingine angesoma akapita zake. Kupe aliijua bima ile. Haikumlipia mkopaji kwa sababu analia. Ilimlipia aliyekufa, au aliyeumia asiweze kufanya kazi yake tena. Basi.

Akaitafuta rekodi nzima, ile ambayo yeye mwenyewe aliikata mkia ili iishie kwenye ushindi wake. Safari hii ile ti, ti, ti haikuwa jiko la kupashia chakula hata kidogo. Yeyote aliyewahi kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa mahututi angeitambua: mashine ya mapigo ya moyo. Halafu ukaja mkia wenyewe.

"Ijumaa naingia chumba cha upasuaji, dada. Nikitoka salama nitalipa."

"Upasuaji ni wako na daktari wako. Mimi langu ni friji."

Hakukumbuka kuyasema. Hilo ndilo lililomtia hofu kuliko yote: maneno kama hayo yalimtoka mdomoni, na mdomo huohuo ukaenda kula chakula cha mchana, ukashiba, ukachokonoa na meno.

"Nimeua mtu," alinong'ona. "Kwa friji."

Katika maisha yake alishapiga simu zisizo na idadi bila kupepesa jicho. Hii moja alikosea namba mara tatu. Ilipoita, moyo nao ukaita, tena kwa kelele zaidi. Kwanza mashine ikasema maneno yake ya kila siku, kwamba simu hii inarekodiwa. Kisha akapokea mwanaume.

"Nyinyi tena? Si mlishalipwa?"

"Sidai, shemeji." Ofisi nzima haikuwa na maneno ya simu isiyodai. "Nauliza tu... mwalimu... yupo?"

Kabla hajajibiwa, kichwani mwake Kupe alishamzika mtu, akamfukia, na matanga yakaanuliwa.

"Mke wangu yupo," mwanaume akasema. "Ananiangalia hapa, anataka kujua ni nani. Ila haongei. Walimpasua koo wakaondoa kila kinachotoa sauti. Ndiyo pona yake. Darasani ndiyo basi tena."

Kupe akashusha pumzi. Aliishusha mapema mno.

"Dada, hiyo mashine yenu inasema mnarekodi. Za zamani mnazo? Maana sisi sauti yake hatuna popote. Simu yetu iliibwa na kila kitu ndani. Mimi nikijaribu kuikumbuka, naikumbuka inakohoa."

Mkurugenzi alipoombwa ruhusa alicheka mpaka tumbo likagusa meza.

"Kupe wangu, umerogwa? Rekodi haitoki humu! Unampa mtu panga, kisha unamnyooshea shingo. Akienda nayo mahakamani, mimi sikujui. Atakujua mama yako." Akaupigapiga mgongo wa kile kiti cha Kupe kinachozunguka. "Na hiki kina foleni, eh?"

Mama yake, kweli. Mshahara mpya ulikuwa umeshagawanywa kabla haujaingia: dawa za mama, ada ya mdogo wake, kodi ya nyumba. Kupe alikaa na hesabu hizo hadi saa kumi na moja jioni. Kisha akainakili rekodi kwenye flashi, flashi akaitia ndani ya soksi, akampita mlinzi wa geti kwa mwendo wa mtu anayekanyaga mayai.

"Mguu vipi, bosi?" mlinzi akauliza.

"Viatu vipya," akasema, na jasho likamtiririka mpaka kwenye flashi.

Friji ilikuwa sebuleni kwa mwalimu, kubwa, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Mwalimu alikaa karibu nayo, kitambaa kingine shingoni, mapajani ubao mdogo wa watoto na chaki. Mumewe akaweka spika juu ya friji. Kupe alitamani friji ifunguke, aingie, ifungwe.

Rekodi ikaanza. Katika chumba kile kidogo sauti ya Kupe ilijaa mpaka darini, kali, inayojipenda. Mume wa mwalimu akamgeukia Kupe polepole. "Kumbe ni wewe." Mwalimu alikuwa amefumba macho. Ulipofika mkia, "mimi langu ni friji," mwanaume akasimama.

Mwalimu akagonga ubao kwa chaki, to, to, kama anayenyamazisha darasa. Mumewe akakaa. Mwalimu akaandika: *Rudisha mwanzo.*

Walisikiliza mara tatu. Ya tatu ilipoisha aliandika kwa muda mrefu, mwandiko wa duara wa chekechea, akamgeuzia Kupe.

*Kata sauti yako yote. Niachie yangu.*

"Nitakata," Kupe alisema, machozi yakimkimbilia puani. "Na kesho nina darasa la waajiriwa wapya, mwalimu. Ukiniruhusu niwasikilizishe sauti yako..."

Mwalimu akamtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyejikojolea. Akafuta ubao kwa kiganja. *Ruhusa. Ila ufundishe.*

Saa tatu asubuhi waajiriwa wanane walikaa na madaftari yao. Mkurugenzi alisimama mlangoni, mikono kifuani. Mlinzi si mjinga: mguu ule alikuwa ameshauripoti. Kupe alijua kwamba huenda ofisi hii hataingia tena. Akabonyeza.

Ti, ti, ti. "Haloo?" akasema mwalimu. Kisha kimya, palepale sauti ya Kupe ilipokuwa. "Ndiyo, ni mimi." Kimya. "Mwezi huu sina, dada, naomba unisikilize." Kimya.

Mchekeshaji wa kundi akafungua mdomo. "Hana hela lakini anapa..." Hakuna aliyecheka. Akaufunga.

Kupe akarudisha mwanzo. "Penye kimya ni penu," alisema. Hakuthubutu kutazama mlangoni. "Nani anajaribu?"

Ti, ti, ti. "Haloo?"

Msichana wa miwani akasimama.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. "Uko wapi hapo?"