Dishi la Ausi na Bando la Geofrey

Prisca alizikwa Nkowe siku ya Alhamisi, na jioni ile ile baba yake, mzee Kornel, alichukua kanga ya mkewe akaifunika runinga. Hakuambiwa na mtu. Nyumba ya msiba haiwashi muziki wala picha mpaka arobaini ipite. Hivyo ndivyo alivyofanya marehemu baba yake kwa redio ya mbao, na yeye hakuona kwa nini afanye vingine.

Serafina, mkewe, alikuwa mkekani na akina mama. Aliitazama ile kanga, akauliza, "Sasa Jumapili ile ya kwaya tutamsikiaje?"

Miezi miwili kabla homa haijamchukua, Prisca, fundi cherehani wa Nachingwea, alikuwa ameimba kwenye jubilei ya parokia yake. Watu wa televisheni walifika na kamera zao, na yeye ndiye aliyeongoza wimbo wa shukrani, beti mbili nzima peke yake kabla kwaya haijampokea. Siku ya kuonyeshwa ilikwisha kutangazwa, nayo iliangukia siku ya kumi na saba baada ya mazishi. Padre alikuwa amekataza simu kanisani, kwa hiyo hakuna mwingine aliyerekodi. Simu ya Prisca mwenyewe ilikuwa kitochi, ya kupiga na kupokea, basi. Picha zake zilikuwepo ukutani. Sauti haikuwepo popote.

"Sura ninayo," Serafina alimwambia mumewe. "Sura hainiiti mama."

Siku ya tatu wanaume walikaa barazani wakilijadili jambo hilo. Kifurushi cha king'amuzi cha Kornel kilikuwa kimekwisha tangu mwezi uliopita, na Geofrey, mwanawe, muuza simu pale Ruangwa mjini, hakutaka kilipiwe tena.

"Achana na dishi, baba. Kifurushi kinakwisha hata kama hujatazama. Unalipia chaneli themanini, unatazama mbili. Wingu likipita tu, kioo kinaandika hakuna mawimbi. Na kitu kikipita, kimepita! Hao wa televisheni Misa zao huziweka mtandaoni, na mtandaoni vitu vinakaa. Arobaini ikiisha nakuja na kisanduku cha mtandao, nachomeka, nabonyeza, dada huyo hapo. Leo, kesho, hata mwakani."

"Na bando likikatika dada yako yuko katikati ya ubeti?" aliuliza Ausi.

Ausi alikuwa Myao wa nyumba ya tatu, mtani wa Kornel. Siku ya mazishi alikuwa amejilaza njiani mbele ya jeneza, akisema haondoki mpaka apewe kuku wa kumsindikiza mtani wake, na waombolezaji walicheka huku machozi yanawatoka. Mtani ana ruhusa hiyo.

"Mtandao wenu hapa Nkowe mpaka mtu apande kichuguu," aliendelea. "Dishi langu linatazama juu kwa Mungu, halimwombi mtu mnara."

"Linatazama kwa Mungu au linatazama Simba na Yanga, mzee Ausi?"

"Wote wako juu, kijana. Ninyi wa bando ndio mnainamisha shingo."

Wakacheka. Ndipo Ausi akamgeukia Kornel. "Mtani, sikiliza. Jumapili hiyo nakuja na king'amuzi changu, nakichomeka kwenye waya wako. Kanga naivua mimi, runinga naiwasha mimi, mama Prisca namkalisha hapo. Mtani hana mwiko msibani. Atakayesema, aseme na mimi."

Baraza zima likaangua kicheko, na Kornel naye, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

"Nenda zako, Myao wewe! Unatafuta ubwabwa wa arobaini kabla ya arobaini."

Ausi alitabasamu, akasimama, akakung'uta kanzu yake. Hakurudia. Mtani harudii.

Kornel hakuwa mtu wa kuamini ahadi. Baba yake alilaza mataruma ya reli ya mradi wa karanga wa Waingereza kwenda Nachingwea, akiambiwa garimoshi litamletea utajiri mlangoni. Karanga zikashindwa, wakubwa wakafunga mizigo, na miaka michache baadaye mzee yule yule akaitwa kwenda kuyang'oa mataruma. Kornel mwenyewe amezeeka akisimama kwenye minada ya korosho, akisikia bei yake ikisemwa na watu ambao hawajawahi kuinama kuokota hata bibo moja. Kila kinacholetwa huku kwetu kusini huja na hotuba, na kikiondoka hakiagi. Haya yote aliyajua. Lakini ahadi ya safari hii ilitoka kinywani mwa mwanawe, na ilimwezesha kumpa mkewe sauti ya mtoto bila kuvunja mwiko wa msiba. Akaishika.

Jumapili ile ikafika. Serafina alikaa mbele ya kanga tangu saa nne mpaka saa saba, mikono magotini.

"Vumilia, mama," Kornel alimwambia. "Kipindi kipo mtandaoni. Kinatusubiri."

Arobaini ilipopita, Geofrey alileta kisanduku. Kanga ikavuliwa, ikakunjwa. Wakabonyeza. Kiduara kikazunguka katikati ya kioo, kikazunguka, Misa ikaonyesha mlango wa kanisa, kikazunguka tena. Walihangaika nacho mchana kutwa. Bando likaisha, na Misa bado iko mlangoni.

Kesho yake Kornel na Serafina wakapanda bodaboda mbili hadi Ruangwa, nyumbani kwa Geofrey, ambako mtandao ulikuwa na nguvu. Kweli, Misa ilitiririka kama maji. Padre alihubiri wakamsikia kila neno, hadi kikohozi chake. Kisha kwaya ikasimama, na Prisca akatoka mbele na gauni la buluu alilolishona kwa mkono wake.

Akafumbua kinywa. Chumba kikawa kimya.

Geofrey akaongeza sauti. Akaongeza tena. Prisca alikuwa akiimba; kifua kilipanda, shingo ilijaa, macho aliyafumba pale penye uzito. Kimya.

"Mbona haimbi?" Serafina aliuliza.

Geofrey alikuwa akisoma maandishi madogo chini ya picha. "Anaimba, mama. Sauti wameiondoa."

"Nani?"

"Kampuni. Inasema wimbo huu ni mali yake."

"Huo si ndio aliutunga mwalimu wao wa kwaya, pale pale Nachingwea?"

"Ndio huo. Kuna aliyemtangulia kuuandikisha."

Kornel alisimama, na kwa kuwa hakukuwa na wa kumpiga, akakaa. Reli waling'oa. Korosho wanatupangia bei. Kumbe hata pumzi ya mtoto wa mtu ina mwenyewe, amekaa ofisini mahali fulani, na hajui kama aliyeimba amekufa.

Geofrey aliandika barua pepe kuomba, hakujibiwa. Alipiga simu kwenye kituo cha televisheni. Wakamwambia hawarudii, na rekodi wamekwisha kuifuta kupata nafasi. Siku hiyo ndipo alipolia. "Nisamehe, baba." Kornel hakujua la kumsamehe. Uamuzi ulikuwa wake mwenyewe.

Baada ya siku chache pale mjini wazee walirudi Nkowe, na Kornel hakuingia kwake. Alikwenda moja kwa moja nyumba ya tatu, Serafina nyuma yake.

"Siku ile ya barazani," alimwuliza Ausi, "ulikuwa unatania?"

"King'amuzi nilikwisha kukichomoa, mtani, tukijaribu kwenye waya wako kabla ya Jumapili. Kilikuwa kwenye mfuko, hapo miguuni pangu."

"Na hukusema!"

"Nilisema."

Kornel akatazama chini. Serafina ndiye aliyesogea mbele. "Ulimtazama Jumapili ile?"

"Nilimtazama, mama."

"Aliimbaje?"

Ausi alifumbua kinywa kama atakayemtupia neno la utani, likakosa kuja. Alikuwa mtu wa msikitini; nyimbo za kanisani hakuzijua.

"Alianza chini," alisema. "Chini sana, kama anayembembeleza mtoto. Halafu akapanda..." Akajaribu kuionyesha kwa sauti yake nene, iliyokwaruza. Akakwama.

Serafina akaketi chini pale pale mchangani, akafumba macho. "Endelea."

Akaendelea. Serafina alisikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Siyo hivyo."

Ausi akaanza upya. Kornel alisimama kando, kofia mkononi, akisikia sauti ya mzee wa watu ikimtafuta binti yake, ikimkosa.

"Hapana," alisema Serafina. "Siyo yeye. Anza tena."