Gomesi ya Malkia Isabela

Walimu wa serikali walikuwa barazani wanakula posho, yaani ugali wa shule, na maharage. Lorine alikuwa ukumbini, amepiga magoti juu ya saruji, anafumua kwa wembe mabega ya gomesi ya marehemu mama yake. Walimu wanaolipwa na wazazi, kama yeye, hula wale wa serikali wakishashiba, na siku nyingine hukuta maharage yamekwisha wakamezea posho kwa mchuzi. Kwa hiyo hakuwa na haraka. Alikata uzi mmoja mmoja, kitambaa kisichanike.

Ilikuwa gomesi ya zambarau, gauni la heshima la harusini, na mama yake hakuwahi kuivaa zaidi ya mara nne. Shule haikutoa hata kipande cha kitambaa kwa ajili ya mchezo wa kuigiza. Mkuu wa shule, Bwana Opolot, alisema malkia ni malkia hata akivaa pazia. Lorine alijua si kweli. Isabela wa Uhispania hawezi kusimama mbele ya majaji wa Tororo amevaa pazia, na mwaka huu Lorine alikuwa hana budi kushinda.

"Simama vizuri, Akwi," alimwambia msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa akingoja kupimwa, taji la bati la kopo la mafuta kichwani.

"Madam, mimi nasikia njaa."

"Malkia hasikii njaa. Inua shingo."

"Na yule baharia akikuja kuomba meli, napiga magoti moja ama mbili?"

"Mbili. Kama tunavyomsalimu mkuu."

Miaka tisa Lorine alikuwa akifundisha historia katika sekondari hiyo ya Mukuju, na miaka tisa jina lake halikuingia katika orodha ya mishahara ya serikali. Wazazi walipolipa, alilipwa. Walipovuna vibaya, aliambiwa avumilie. Sasa nafasi ilikuwa imepatikana, moja, na Bwana Opolot alikuwa ametangaza mbele ya walimu wote kwamba atakayeleta kombe la maigizo kutoka Tororo ndiye ambaye jina lake litapelekwa kwenye orodha hiyo.

Mada ya mashindano ilikuwa safari za kale za kuvuka bahari. Ofisi ilimpa daftari moja kubwa la pambizo nyekundu, la pekee shuleni, na Lorine akaandika mchezo humo kwa wiki tatu, binti yake Ajambo akiwa amelala miguuni pake. Aliandika habari za Isabela na mumewe Ferdinandi, na baharia aliyewabembeleza miaka saba wampe merikebu. Alipofika hapo alicheka peke yake. Miaka saba tu, na watu wanamwita mvumilivu! Onyesho la mwisho ndilo alilolipenda zaidi: wafalme wa Uhispania na wa Ureno wanaigawana dunia kwa mstari mmoja, huku kwako na kule kwangu, na Akwi anauchora jukwaani kwa chokaa ya unga iliyomiminwa kutoka kwenye birika.

Juliet alikuja kufundisha muhula wa pili. Alikuwa binti wa dada yake Bwana Opolot, amesomea upande wa Amagoro, Kenya, ana diploma ambayo wino wake haujakauka. Lorine alimchukia kabla hajajua sababu, kisha sababu zikaja zenyewe. Alichukia viatu vyake ambavyo havikushika vumbi. Alichukia jinsi alivyokaa meza ya walimu wa serikali siku ya kwanza na hakuna aliyemwambia kitu. Alichukia zaidi kwamba Juliet hakuwa mtu mbaya. Alicheka na kila mtu, akamletea Ajambo mandazi, akawaita wapishi mama. Mtu mbaya ungemchukia ukalala usingizi.

"Madam Lorine, uncle amesema nikusaidie na play," alisema Juliet wiki moja kabla ya mashindano, amekaa juu ya dawati anatikisa mguu. "Lakini si uniambie kwanza, huyu Isabela ni wa Ureno ama wa wapi?"

"Wa Uhispania."

"Ah, poa. Hiyo gauni ni moto, aki. Umeitoa wapi?"

"Nyumbani," alisema Lorine, akaendelea kushona.

Siku mbili baadaye ratiba ya mchezo ilirudi kutoka kwa mchapaji wa Malaba. Lorine aliisoma amesimama mlangoni mwa ofisi. Mtunzi na mwelekezi: Madam Juliet. Alishuka na kidole hadi chini kabisa, na huko akajikuta. Mavazi na usafi: Lorine. Walisahau hata kumwandika Madam.

Wivu ulimshika. Alirudi darasani akafundisha kipindi kizima na hakukumbuka alifundisha nini. Nafasi ilikuwa moja, na sasa ilikuwa na viatu visivyoshika vumbi.

Hapo ndipo alipokumbuka kipande. Alikuwa amekiona kwenye pochi ya Juliet, mwenyewe alipokuwa anatafuta kadi ya salio la simu: kitambulisho cha Kenya, kimelalia kile cha Uganda. Si jambo la ajabu. Mpakani, kuanzia Malaba hadi Busia, mtu mwenye kitambulisho kimoja ni mgeni au ni mvivu. Mpaka ulipita katikati ya mashamba ya mababu, shangazi akabaki upande huu na kisima upande ule, na watu wakajifunza kuwa na mguu kila upande. Cha huku unapigia kura na kulimia, cha kule unapatia mbolea na hospitali. Kila mtu anajua na hakuna anayesema. Lakini karatasi ya serikali husema kwamba raia wa nchi nyingine hawezi kuingizwa kwenye orodha.

Karatasi safi hakuwa nayo. Alichana ukurasa wa nyuma wa lile daftari, akaandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane, akawaeleza wakubwa wa elimu mjini kwamba mwalimu Juliet ni Mkenya. Hakutia jina lake. Barua alimpa mwendesha bodaboda aipeleke. Alipokuwa anatembea kurudi nyumbani alijisikia mwepesi, na aliona haya kidogo, na wepesi ulizidi haya.

Wakubwa wa mjini hawakuwa na haja ya kuhangaika na mambo ya shule. Waliipiga barua muhuri wakairudisha kwa mkuu wa shule inayohusika, aishughulikie.

"Madam, karibu," alisema Bwana Opolot siku ya Alhamisi.

Lorine alipiga magoti mlangoni akamsalimu. Kwa kawaida mkuu humwambia inuka kabla goti halijagusa chini. Leo alimwacha hapo, akafungua droo. Aliweka ile barua juu ya meza, na kando yake daftari la pambizo nyekundu, ambalo Lorine alikuwa amelirudisha ofisini.

"Hii shule iko na daftari ngapi ya hii namna?"

Lorine aliona ukingo wa ule ukurasa aliouchana.

"Moja. Mimi mwenyewe nilikupa." Sauti yake ilikuwa ya upole, na hilo ndilo lililomtisha. "Sasa mimi si mtu wa hasira. Wewe umesema ukweli. Sheria ni sheria. Mwalimu wa serikali, kipande iwe moja. Si ndiyo?"

"Ndiyo, mkuu."

"Wewe iko na ngapi?"

Nje kengele ililia na wanafunzi wakapita wakipiga kelele. Bwana Opolot alingoja wapite wote.

"Huyu mtoto wako Ajambo alizaliwa wapi?"

Alijua. Lorine mwenyewe alikuwa amempa nakala ya kadi ya uzazi mwaka jana, alipomwomba barua ili mtoto apunguziwe karo ya chekechea. Alikuwa amejifungulia upande wa Kenya, bure, kwa kipande ambacho mjomba wake wa Funyula alimsaidia kupata. Upande wake wa Uganda, huko kwao Buhehe, hospitali ilitaka aje na glavu zake na wembe wake. Alipokuwa anaandika barua ya Juliet hakufikiria kadi hiyo hata mara moja. Mwenye wivu huona pochi ya mwenzake, yake haioni.

"Leta kipande zote mbili hapa," alisema mkuu. "Za kuhakikisha tu."

Alivitoa kifuani vikiwa na joto, akavisogeza mbele juu ya meza. Mkuu alivitia katika bahasha, bahasha katika droo, na droo akaifunga kwa ufunguo.

"Na Juliet?" aliuliza Lorine. Hakutaka kuuliza, lakini swali lilitoka.

"Juliet ako na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Inasema yeye ni Mganda, baba na babu." Aliinyanyua ili aione. Muhuri ulikuwa bado unang'aa. "Wewe mwenyekiti wako wa Buhehe anaweza andika hivyo? Na akiulizwa juu ya ile hospitali ya Kenya?"

"Mkuu, nimefundisha hapa miaka tisa."

"Hiyo najua. Ndiyo sababu mimi sipeleki hii mambo mbele. Mwingine angekuitia polisi." Alimtazama kwa muda, karibu kwa huruma. "Jumamosi utaenda na watoto. Wewe ndiye unajua ile gauni inafungwa namna gani. Jumatatu tutaona."

"Vipande vyangu, mkuu?"

"Jumatatu, nimesema. Inuka."

Mwenye nguvu mpishe. Lorine aliinuka, magoti yana vumbi, akasema asante. Baadaye lile asante ndilo lililomuuma kuliko maneno yote.

Jumamosi ukumbi wa Tororo ulijaa. Shule yao iliigiza ya mwisho. Lorine alikuwa nyuma ya pazia na pini mdomoni, akamfunga Akwi mshipi wa dhahabu, akamnyooshea mabega yaliyosimama wima kama marehemu mama yake Lorine alivyoyapenda. Kwa nafasi ndogo ya pazia aliona kila kitu. Baharia alipiga magoti mawili na kuomba, na mama mmoja mbele akasema "Maskini." Ferdinandi alisahau maneno, Isabela akayasema badala yake, na watu wakadhani ndivyo ilivyoandikwa. Kisha Akwi akanyanyua birika na kumimina chokaa, akitembea polepole kutoka ukutani hadi ukutani.

"Upande huu ni wetu," alisema. "Ule ni wao."

"Na watu walioko huko wameulizwa?" aliuliza mtumishi wa ikulu.

"Watu gani?" alisema Malkia Isabela, na ukumbi mzima ukacheka, mpaka majaji.

Lorine naye alicheka, kwa sababu aliyaandika yeye, na kwa dakika hiyo alifurahi kabisa.

Walishinda. Jina la mwelekezi liliposomwa, Juliet alipanda jukwaani akikimbia. Wanafunzi walimvisha taji la bati, Akwi akavua gomesi na kumtupia mabegani, mpiga picha akawaambia wasogee karibu. Ilimkaa vizuri. Lorine aliangalia zambarau ile juu ya mwili wa Juliet na wivu ukarudi mzima, haukujali kwamba mchezo umekwisha. Kama Juliet angeanguka pale mbele ya watu, Lorine angefurahi. Hakuanguka. Alishuka anacheka, upindo wa gomesi umekokota chokaa.

"Juliet," alisema Lorine. "Hiyo gomesi ni ya mama yangu."

Juliet aliacha kucheka. Alionekana kushangaa kweli. "Aki, sikujua, Madam. Ngoja niongee na uncle."

Bwana Opolot alikuwa anapeana mikono na majaji. Alisikiliza, akageuka nusu.

"Imeingia kwenye rejista ya vifaa," alisema. "Ni ya shule. Wakati ikikatwa, mwenyewe alikubali."

Juliet alimtazama mjomba wake, akamtazama Lorine, akaikunja gomesi taratibu na kuiweka ndani ya sanduku la shule. Alisema pole. Alisema kwa moyo safi, kama alivyosema kila kitu.

Kanuni ya ukumbi ni kwamba shule ya mwisho kuigiza ndiyo husafisha jukwaa. Msimamizi alishika ratiba akatafuta kwa kidole, akasoma jina la chini kabisa, akamletea Lorine ndoo na kitambaa. Nje lori la shule lilikuwa limeshawashwa, wanafunzi wameshaanza kuimba wimbo wa kombe. Alipiga magoti. Alilowesha kitambaa akasugua pale Akwi alipoanzia, ukutani.

Chokaa ikishapata maji haitoki, inatanda. Mstari uliokuwa mwembamba kama kamba ukawa mpana kama njia ya ng'ombe. Aliendelea kusugua akirudi kinyumenyume, weupe ukimfuata, ukampanda mikononi na magotini, na lori likapiga honi mara moja, kisha likaondoka.