Gauni Lililokunjwa Vizuri

"Mama, vua!"

"Nivulie wapi?"

"Hapa hapa."

Mama Pasi akatazama kushoto, akatazama kulia. Ghala zima lilijaa wanawake waliobaki na shimizi, wanaingiza vichwa kwenye magauni na kuvitoa, kila mmoja na hamsini zake. Hapakuwa na chumba cha kubadilishia wala pazia. Kioo kilikuwa kimoja tu, kule ukutani, na mbele yake watu wamesongamana. Loo! Mtu mzima na heshima zake avue nguo katikati ya ghala, mchana kweupe?

"Mauzo ya sampuli ndivyo yalivyo," alisema binti yake, magauni yamemlemea begani. "Ukizubaa umeachwa. Na ukishanunua hairudishwi, kwa hiyo lazima ujaribu."

Sampuli! Neno hilo lilimchanganya tangu asubuhi. Binti alimweleza kwamba mbunifu wa mavazi hushona nguo moja ya kwanza ya kuonyesha, mwanamitindo akaivaa, akapigwa picha, na msimu ukiisha zote hukusanywa zikauzwa kwa bei ya chee. Bei ya chee Mama Pasi aliielewa. Asichoelewa ni kwa nini nguo zenyewe hazina saizi, nyingine hata lebo hazina, na zote zimekatwa utadhani wanawake duniani hawana makalio.

Lakini harusi ya binti huyo ilikuwa Jumamosi. Na binti alikwisha kusema, kwa upole lakini alisema: "Mama, nakuomba usije na lile la kijani. Wakwe zangu wote watakuwepo." Lile la kijani ndilo alilolivaa leo chini ya sweta, maana hakuwa na jingine la kutokea. Maneno yale yalimuuma, yalimuuma sana. Hata hivyo akaja.

Basi akavua. Hapo ndipo mazoea ya kazi yalipomponza. Tangu aanze udobi pale hotelini hajawahi kuacha nguo sakafuni. Wenzake humo ghalani walizitupa zao chini, wakazikanyaga, na hakuna aliyezichukua. Yeye akalikunja gauni lake, mikono ndani, pindo juu ya pindo, akalilainisha kwa kiganja na kuliweka kwenye meza ya jirani. Lilikaa nadhifu kuliko kila kitu kilichokuwa mezani.

Gauni la kwanza lilikwama mabegani. La pili likakwama kiunoni, binti anavuta juu, mama anavuta chini, wote wawili wanahema. Alipochomoa kichwa, meza ilikuwa tupu.

"Gauni langu liko wapi?"

"Lipi, Mama?"

"Langu! Nililokuja nalo!"

Binti akacheka. "Nani aibe lile?"

Mama Pasi akachukua sweta lake alilokuwa amelitundika begani kwa binti, akalivaa juu ya shimizi, akamkimbilia mwuzaji. "Mwanangu, gauni langu limechukuliwa pale mezani."

"Lina lebo, mama?"

"Halina. Nililishona mwenyewe."

"Za kwetu nyingi hazina lebo pia. Kilichokuwa mezani ni cha kuuzwa, mama yangu."

"Lakini mimi nimekuja nimelivaa!"

Mwuzaji akamtazama, sweta juu, miguu wazi chini, akaguna. Mama Pasi mwenyewe akaanza kujitilia shaka. Jamani, alitoka nyumbani amevaa nini?

"Mama!" binti akamshika mkono. "Tazama pale kwenye kioo! Ona!"

Dada mmoja mrefu alikuwa akijigeuza taratibu, na wanawake wamempisha. Alivaa gauni la kijani, mkanda kiunoni, mikono imekunjwa hadi kiwiko, vifungo vinashuka mgongoni kimoja kimoja.

"Lile ndilo linalomfaa mama wa bibi harusi," binti alinong'ona. "Kwa nini hatukuliwahi sisi?"

Mama Pasi akakodoa macho. Rangi aliijua. Kifungo cha tatu, kisichofanana na wenzake, alikishona kwa mkono wake. Yule dada alikuwa amelivaa nyuma mbele! Mama Pasi alitaka kucheka, akataka kulia.

Binti alikwisha kufika kwenye kioo. "Dada, samahani. Naolewa Jumamosi na mama yangu hajapata cha kuvaa. Nakuomba utuachie hilo, tafadhali."

"Pole, mdogo wangu. Kitu kama hiki sikipati tena."

"Mwanangu," Mama Pasi akasema nyuma yake, "hilo ni langu."

"Ngoja, Mama, bado tunazungumza."

"Nasema ni langu. Ndilo lile la kijani."

Binti akageuka. Akamtazama mama yake, akalitazama gauni, akarudi kwa mama yake. Yule dada alijipapasa kwapani, mahali palipotiwa kiraka, akaona haya. Akalivua haraka haraka. "Shika, mama. Sikujua."

Mama Pasi akalipokea, lina joto la mwili wa mtu mwingine. Binti alisimama karibu, mikono tayari kumsaidia, macho sakafuni. Mama Pasi akavua sweta. Akaligeuza gauni, akaligeuza tena, na watu wanampita huku na huku, asijue aanze kulivaa upande gani.