Uso wa Nyamhanga

Kaka yangu Pazi alichomoa picha ya tano, na nyuma yake akatokea mtu asiye na uso.

Soko zima la pamba la Bunda likasogea karibu. Kisha mtu mmoja akaangua kicheko: "Huyo, karani wa kodi atamtambuaje?"

Mwaka ulikuwa 1947. Pazi alikuwa amerudi kutoka vita vya Waingereza na Wajapani huko Bama, na ufundi aliouona kambini, kwa mateka mmoja wa Kijapani: picha hupangwa ndani ya fremu ya mbao, msimuliaji huzichomoa moja moja, na hadithi hutembea. Hadithi zenyewe zilikuwa za mizimu ya Kijapani. Pazi alisimulia, mimi, Mwanaupe, nilichora kwa masizi na buluu ya kufulia juu ya maboksi ya sabuni. Huyu asiye na uso, Pazi alinichoresha mara nne. "Laini zaidi," alisema. "Kama yai."

Mama mmoja akapenya katikati ya watu. Nilimfahamu: Boke, wa Butiama. Mwanawe Nyamhanga aliondoka na Pazi kwenda vitani, siku moja, lori moja, na kila alipokuja kwetu Musoma kuuliza, Pazi alimjibu kwamba walipotezana msituni. Hivyo mama yule hakuzika, wala hakuacha kupika chakula cha mtu wa pili.

"Huyu ni wangu," alisema. "Mlikuwaga kama pua na mdomo, Pazi. Umemfuta ili asikutazame."

"Mama, hiyo ni hadithi tu ya Wajapani."

Akanigeukia mimi. "Binti, mpe uso. Nikamzike."

"Mwanaupe, acha!"

Sikuacha. Nilichovya kijiti katika masizi, nikamtazama Boke, nikaazima paji lake, macho yake, masikio yake yaliyotobolewa. Nilipofika mdomoni, nilimgeukia Pazi.

"Uache wazi," Pazi akasema. "Alikuwa akiita. Mimi nilikuwa na miguu miwili mizima, mama, nikaitumia kukimbia."

Hakuna aliyecheka.

"Alimwita nani?" Boke akauliza.

"Wewe."

Boke aliichukua picha, akaifunika kwa upindo wa kaniki yake, akashika njia ya Butiama.

Alasiri ile, lori likitupeleka Musoma juu ya magunia ya pamba, Pazi alisinzia begani kwangu. Midomo yake ikaanza kucheza.

"Nakuja, Nyamhanga. Acha kuniita, nakuja."

Maneno hayo sikuyafikisha Butiama.